Nani Alimsikia Mtoto? Historia ya Mbinu za Kuchunguza Utoto Afrika Mashariki Katika Karne ya Ishirini na Baadaye

Ikisiri

Tafiti kuhusu watoto zimekuwa msingi wa sera za elimu, afya na ulinzi katika nchi za Afrika Mashariki. Hata hivyo, historia ya mbinu zilizotumika kuwachunguza watoto hao haijapewa uzito unaostahili. Makala hii inafuatilia mbinu hizo kuanzia maandishi ya desturi ya mwanzoni mwa karne ya 20, kupitia ushuhudiaji wa kianthropolojia na vipimo vya kisaikolojia, hadi hojaji za kitaifa za karne ya 21. Hoja yake kuu ni kwamba kila mbinu ilimleta mtoto wake: ilipobadilika mbinu, alibadilika pia mtoto aliyepatikana. Inadaiwa zaidi kwamba lugha ya usaili, yaani nani anauliza, kwa maneno gani na mbele ya nani, ndiyo sehemu ya mbinu iliyoachwa bila kuelezwa kwa muda mrefu zaidi. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Mtoto ni mtafitiwa wa aina ya pekee. Karibu kila kinachojulikana kumhusu kimeandikwa na mtu mwingine: mzazi, mwalimu, mganga, mmisionari, karani wa sensa. Anapofikia umri wa kuandika habari zake mwenyewe, amekwisha kuacha kuwa mtoto, na anachokiandika ni kumbukumbu. Ndiyo maana swali la mbinu katika taaluma hii haliwezi kutenganishwa na swali la matokeo. Asiyeeleza alimpataje mtoto hajaeleza alimpata mtoto gani.

Mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alilichokoza jambo hili mwaka 1960 alipotumia michoro, mavazi na maandishi ya kale ya Ulaya kudai kwamba dhana ya utoto ina historia, na kwamba jamii hazikuutazama utoto kwa jicho moja nyakati zote. Wakosoaji wake walionesha kwamba mchoro wa mtoto wa tajiri hausemi lolote kuhusu mtoto wa mkulima, na kwamba aliyechora hakuwa mtoto. Mjadala huo uliacha funzo la kudumu, kwamba chanzo cha data huja na mipaka yake, na mtafiti asiyeitaja mipaka hiyo huigeuza kuwa ukweli.

Kwa Afrika Mashariki vyanzo ni vya namna nyingine, lakini tatizo ni lilelile. Makala hii inavipitia kwa kuuliza maswali matatu: katika kila mbinu, ni nani anayesema? Anasemea wapi? Na anasema kwa lugha gani?

2. Utoto katika kumbukumbu za watu wazima

Miongoni mwa maelezo ya mapema na mapana zaidi ya malezi yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni yale yaliyomo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Mchango mkubwa katika kazi hiyo ulitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Humo mna habari za mimba na uzazi, malezi, chuo cha Kurani, michezo, jando na unyago.

Thamani ya kazi hii kimbinu haina ubishi. Msemaji ni mwenyeji, lugha ni ya watu wanaoelezwa, na maneno ya malezi yamehifadhiwa kama yalivyotumika, bila kupitia mkalimani. Hata hivyo, mtoto aliyemo ni mtoto wa desturi. Maelezo ya desturi, kwa asili yake, hueleza jambo hufanywaje. Hayaelezi mtoto fulani alifanya nini siku fulani. Sarufi yenyewe inalionesha hili. Kiambishi cha mazoea hu- hakibebi nafsi ya mtenda wala wakati mahususi: mtoto hufundishwa, huchapwa, hupelekwa chuoni. Ni yupi, lini, na je, alikubali au alitoroka? Kiambishi hakijibu. Msomaji anapata kanuni za jamii kuhusu watoto, na kanuni hizo ni data muhimu. Ila si sawa kuzichukua kuwa ndiyo maisha ya watoto.

Mwelekeo kama huo unaonekana Kilimanjaro. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri, alichapisha kati ya mwaka 1932 na 1938 juzuu tatu za mafundisho ya Wachaga, hasa yale waliyopewa vijana wakati wa kuingizwa utu uzima. Hapa pia sauti inayosikika ni ya mwalimu. Kijana aliyeketi akisikiliza hakuulizwa alielewa nini.

Mabadiliko yanaonekana katika kazi ya Otto Raum, Chaga Childhood, iliyotoka mwaka 1940. Raum alikuwa mwana wa mmisionari na aliijua jamii aliyoiandikia tangu utotoni. Pamoja na kueleza wazazi walivyofundisha, aliandika kwa kirefu kuhusu watoto wanapokuwa peke yao: wanavyounda makundi, wanavyoigiza shughuli za wakubwa, na jinsi uigizaji huo mara nyingine unavyokuwa dhihaka kwa wakubwa hao. Kwa mtafiti wa leo hili linaweza kuonekana jambo dogo, lakini kwa wakati ule lilikuwa badiliko la msingi. Mtoto anayemdhihaki mtu mzima si chombo kinachojazwa desturi, kwa maana ana maoni yake. Maoni hayo yaliweza kuonekana kwa sababu mtafiti aliangalia mahali ambapo mzazi hayupo.

3. Saa, daftari na kipimo

Wakati maelezo ya desturi yakikusanywa Afrika Mashariki, Ulaya na Marekani zilikuwa zikijenga mbinu nyingine. Charles Darwin alichapisha mwaka 1877 makala fupi iliyotokana na kumbukumbu alizoziandika kuhusu ukuaji wa mwanawe karibu miaka arobaini kabla. Nchini Ujerumani, Clara na William Stern waliweka shajara za watoto wao kuanzia mwaka 1900, na kutokana nazo kikazaliwa kitabu chao kuhusu lugha ya mtoto cha mwaka 1907. Shajara ya mzazi ilikuwa na sifa ya kumfuata mtoto mmoja kwa muda mrefu. Upungufu wake ni kwamba ilihitaji mzazi mwenye nafasi, kalamu na mazoea ya kuandika. Watoto wa wazazi wa aina nyingine hawakuingia katika sayansi kwa mlango huo.

Hojaji nayo ilionesha mapema uwezo wake wa kupotosha. Mwaka 1883 G. Stanley Hall alichapisha matokeo ya maswali waliyoulizwa watoto waliokuwa wakianza shule mjini Boston kuhusu vitu wanavyovifahamu. Wengi hawakuvijua vitu vya shamba, wakiwamo wanyama wa kufugwa. Jedwali lilipima ujuzi wa mtoto, lakini kwa hakika lilikuwa limepima pia mtaa alioishi. Fundisho hilo lilisahauliwa mara kwa mara vipimo viliposafirishwa kwenda mbali zaidi.

Kampala ya miaka ya 1950 inatoa mfano mzuri. Daktari Mfaransa Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga wa huko kwa kutumia vipimo vya Gesell, vilivyotengenezwa Marekani, akaripoti kwamba walikuwa mbele ya wenzao wa Ulaya katika ukuaji wa mwili na viungo. Taarifa hiyo ilizua mjadala mrefu kuhusu kile kilichoitwa utangulifu wa mtoto wa Kiafrika, na baadhi ya washiriki walikimbilia maelezo ya kimaumbile na ya rangi.

Jibu lililotuliza sehemu kubwa ya mjadala lilitokana na kubadili mbinu. Katika miaka ya 1970 Charles Super alifanya kazi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya. Pamoja na kupima watoto, aliwauliza akina mama wanafanya nini na watoto wao, na akaangalia mtoto anavyoshinda siku nzima. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1976, watoto wa Kokwet walitangulia katika kukaa na kutembea, mambo ambayo mama zao waliyafundisha kwa makusudi na waliyokuwa na maneno maalumu ya kuyataja. Hawakutangulia katika yale yasiyofundishwa, kama vile kutambaa. Kwa hiyo "mtoto wa Kiafrika" aliyejadiliwa kwa takribani miaka ishirini hakuwapo. Aliyekuwapo ni mtoto aliyefundishwa kukaa.

Inafaa kuzingatia kwamba ufumbuzi huo ulipitia msamiati. Jamii iliyo na neno kwa ajili ya kumfundisha mtoto kukaa imekwisha kumwambia mtafiti kwamba huko kukaa si tukio la maumbile peke yake. Kiswahili nacho kina kusimama dede na kwenda tata, hatua mbili zinazotajwa nyumbani kila siku lakini zisizopata nafasi katika fomu za kliniki zilizotafsiriwa kutoka lugha nyingine. Mtafiti anayeanza na fomu huzikosa hatua hizo. Anayeanza na maneno ya walezi huziona.

Kampala hiyohiyo ndiyo iliyomlea Mary Ainsworth kitaaluma. Alifika Uganda mwaka 1954 na kufanya kazi chini ya taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Kwa miezi kadhaa alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na mji, akaketi sebuleni kwa saa kadhaa kila ziara, akizungumza na akina mama kwa msaada wa mkalimani huku akimtazama mtoto akilia, akitambaa kuelekea kwa mama, akimkwepa mgeni. Kitabu chake Infancy in Uganda kilitoka mwaka 1967. Kutokana na ziara hizo alijenga hoja kwamba mfungamano wa mtoto na mama ni jambo linaloweza kuonekana na kuelezwa hatua kwa hatua.

Kilichofuata kina maana kubwa kwa historia ya mbinu. Baada ya kuhamia Baltimore, Marekani, Ainsworth aliendelea kutembelea nyumba, lakini akaongeza jaribio la muda mfupi ndani ya chumba cha maabara: mama hutoka, mgeni huingia, mama hurejea, na mtafiti huandika mtoto anafanya nini. Jaribio hilo lilikuwa rahisi kurudiwa, na ndilo lililoenea duniani, kuliko ziara ndefu za nyumbani. Wakati mbinu hiyo ilipoanza kutumika katika nchi nyingine, ilikuja tayari ikiwa na mama mmoja, mtoto mmoja na mlango mmoja. Sebule ya Buganda, pamoja na bibi, shangazi, dada mkubwa na jirani, ilikuwa imekwisha kuachwa njiani. Mbinu iliyoanza kwa kukaa na watu ilirejea kama kipimo cha kuwapimia watu.

Kwa upande wa watoto wakubwa kidogo, mradi wa John na Beatrice Whiting wa jamii sita uliiweka Nyansongo, katika nchi ya Wagusii nchini Kenya, miongoni mwa jamii zilizolinganishwa. Robert na Barbara LeVine waliishi huko katikati ya miaka ya 1950. Watoto wa umri wa miaka 3 hadi 11 walitazamwa katika shughuli zao za kawaida kwa vipindi vya takribani dakika tano, na kila walichomtendea mwenzao kiliandikwa. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 1975, uliohusisha watoto 134 wa jamii zote sita, watoto wa Nyansongo walijitokeza kwa tabia ya kuwajali na kuwaongoza wadogo. Waandishi waliihusisha tabia hiyo na kazi: mtoto anayechunga ng'ombe na kubeba mdogo wake hujifunza kutunza na kuamuru. Matokeo haya yasingepatikana shuleni. Yalipatikana malishoni na uani, kwa sababu mtafiti alimfuata mtoto alipo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 akina Whiting walianzisha mjini Nairobi kitengo cha utafiti wa makuzi ya mtoto, ambacho kiliwashirikisha wanafunzi wa Kenya katika kukusanya data, baadhi yao katika jamii zao wenyewe. Hatua hiyo ilipunguza umbali wa lugha kati ya anayeuliza na anayeulizwa. Umbali wa umri ulibaki palepale.

4. Kimya kama data

Umbali huo ndio uliomulikwa na Sara Harkness na Charles Super mwaka 1977 katika makala iliyouliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni vigumu kuwapima. Huko Kokwet watoto walisimuliwa hadithi fupi na mtu mzima kisha wakaombwa kuirudia. Wengi walinyamaza. Kwa kufuata kanuni za kipimo, kunyamaza huhesabiwa kuwa kushindwa. Lakini watoto haohao walizungumza kwa ufasaha wakiwa na wenzao. Watafiti hao walieleza kwamba katika malezi ya Wakipsigis mtoto hufundishwa kwanza kuelewa na kutekeleza anachoagizwa. Kumsimulia mtu mzima jambo ambalo mtu huyo analijua si sehemu ya mazungumzo ya kawaida. Isitoshe, neno ng'om, linalotumiwa kumsifu mtoto mwerevu, hubeba pia maana ya uwajibikaji katika shughuli za nyumbani. Kipimo kilitafuta werevu mahali ambapo jamii haikuuweka.

Jambo hili si geni kwa msemaji yeyote wa Kiswahili. Mtoto mwenye adabu hasemi kabla ya kusemeshwa, hamkatizi mkubwa, na akiulizwa swali zito huangalia chini. Anaposhikamana na adabu hiyo mbele ya mtafiti, anakuwa amefaulu mtihani wa nyumbani na kufeli wa mtafiti kwa tendo hilohilo. Kwa hiyo kimya kinapaswa kuandikwa kama data inayohitaji kufasiriwa: alinyamaza mbele ya nani, baada ya swali gani, na aliendelea kunyamaza mgeni alipoondoka?

Isimu imetoa mchango wake katika hili. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu ujifunzaji wa Kiswahili kama lugha ya kwanza, alitegemea rekodi za mazungumzo ya watoto wanne wa Nairobi wakiwa nyumbani na watu waliowazoea. Alionesha kwamba watoto hao walidondosha baadhi ya viambishi vya kitenzi, hasa cha nafsi, kwa mpangilio unaoelezeka kisarufi. Muhimu zaidi kimbinu, aliwachunguza pia watu wazima waliozungumza na watoto hao, na kuona kwamba Kiswahili chao nacho kina mazingira ambamo kiambishi cha nafsi huachwa. Mtafiti ambaye angewalinganisha watoto hao na kitabu cha sarufi sanifu pekee angehesabu makosa mengi kuliko yaliyokuwapo. Rekodi ya sauti ya mtoto, iliyonukuliwa neno kwa neno na kuhifadhiwa mahali ambapo wengine wanaweza kuirejelea, ilifanya lisilowezekana kwa muhtasari wa Kiingereza: ilimruhusu msomaji kumsikia mtoto upya na kubishana na mtafiti.

5. Kutoka kijijini hadi taifa zima

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 na Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1999, ilimpa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Mwaka 1990 pia wanasosholojia Allison James na Alan Prout walichapisha mkusanyiko wa makala uliosisitiza kwamba watoto ni watendaji katika jamii na wanastahili kuchunguzwa kwa ajili yao wenyewe. Kuanzia hapo, kumsikiliza mtoto kukawa wajibu wa kisheria na wa kitaaluma kwa pamoja. Utekelezaji wake, hata hivyo, ulihitaji mbinu za kufikia maelfu ya watoto.

Mfano wa kwanza ni mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 katika nchi za Kenya, Tanzania na Uganda kwa kufuata mfano wa India. Badala ya kuwapima watoto darasani, wahojaji wa kujitolea waliwafuata nyumbani na kuwapa majaribio mafupi ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili. Kwa kufanya hivyo, mtoto mtoro, aliyeacha shule na asiyewahi kuandikishwa waliingia katika takwimu. Mjadala wa sera ulihama kutoka idadi ya walioandikishwa kwenda kile walichojifunza, jambo ambalo takwimu za shule peke yake zisingeweza kulifanya. Hata hivyo, jaribio la kusoma Kiswahili kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake si Kiswahili hupima mambo mawili kwa pamoja, kusoma na lugha, na alama moja haiwezi kuyatenganisha.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Waliosailiwa walikuwa wasichana na wavulana wa umri wa miaka 13 hadi 24. Takribani wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Sehemu kubwa yao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Kenya ilifanya utafiti wa aina hiyo mwaka 2010.

Takwimu hizi zilipatikana kwa sababu ya uamuzi wa kimbinu uliozingatia hofu ya mtoto. Msailiwa alizungumza faraghani na msaili wa jinsia yake. Maeneo waliyosailiwa wasichana yalitenganishwa na ya wavulana. Na wazazi walielezwa utafiti kwa maneno ya jumla, ili asiwepo atakayemhoji mtoto baadaye alisema nini. Kuwauliza vijana wa hadi miaka 24 kuliwezesha pia kusikia yale ambayo mtoto asingeweza kuyasema angali mikononi mwa aliyemtendea.

Pamoja na ubora huo, mipaka inabaki. Utafiti unaofanyika kaya kwa kaya hauwafikii watoto wanaoishi mitaani na katika makao ya kulelea watoto. Mtoto anayefanya kazi za ndani huenda akawamo katika orodha ya kaya, lakini anajibu maswali nyumbani kwa mwajiri wake. Na aliye chini ya miaka 13 husikika tu kupitia kumbukumbu za walio wakubwa kuliko yeye, yaani kwa njia ileile iliyotumika mwaka 1903.

Hapa swali la lugha linarudi kwa nguvu. Hojaji huhitaji neno lililo wazi. Mtoto aliyeumizwa hutumia tafsida. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba mahakama za nchi hiyo kwa jumla zimekubali maneno kama "alinifanyia tabia mbaya" kuwa maelezo ya tendo la ngono katika ushahidi wa watoto, kwa kutambua aibu na mshtuko unaomfanya mtoto ashindwe kulitaja jambo kwa jina lake. Msaili asiyeijua tafsida hiyo ataandika kwamba mtoto alilalamikia utovu wa nidhamu. Anayeijua, kisha akaandika katika fomu istilahi ya kisheria pekee, atakuwa amefasiri bila kuacha ushahidi wa kile alichokifasiri. Katika hali zote mbili neno la mtoto limepotea, na pamoja nalo nafasi ya mwingine kuhakikisha. Kwa mtoto mmoja aliye mahakamani, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuaminiwa na kurudishwa nyumbani kwa mtuhumiwa.

6. Mapendekezo

Kutokana na historia hii, mambo manne yanafaa kuzingatiwa na wanaobuni, wanaogharamia na wanaotumia tafiti kuhusu watoto.

Kwanza, maneno ya mtoto yahifadhiwe katika lugha aliyoyasema, kabla ya tafsiri na pamoja nayo, kwa utaratibu unaoficha utambulisho wake. Bila nakala hiyo, kosa la ufasiri haliwezi kugunduliwa.

Pili, ripoti ieleze lugha ya usaili, lugha ya nyumbani ya mtoto, umri na jinsia ya msaili, na waliokuwapo wakati wa usaili. Haya ni sehemu ya matokeo, na yanapoachwa nje mshauri wa sera hana namna ya kupima uzito wa takwimu anayopewa.

Tatu, ridhaa ya mzazi isichukuliwe kuwa ridhaa ya mtoto. Katika jamii ambamo kumkatalia mkubwa ni utovu wa adabu, "ndiyo" ya mtoto haina uzito hadi awe amepewa njia ya kusema "hapana" bila kuonekana mkaidi: kukaa kimya, kuondoka, kuchagua kucheza. Na pale swali linapoweza kufichua madhara, huduma ya kumsaidia iandaliwe kabla ya swali kuulizwa.

Nne, kaya isiwe mlango pekee wa kumfikia mtoto. Nyansongo ilieleweka malishoni na Kilimanjaro katika michezo. Watoto walio nje ya kaya wanahitaji mbinu zinazowafuata walipo, hata kama sampuli yake itakuwa ndogo na gharama yake kubwa.

7. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja mtoto wa Afrika Mashariki ameandikwa kama mpokeaji wa desturi, kama mwili unaokua haraka, kama mlezi wa wadogo zake, kama mtahiniwa aliyenyamaza, na kama idadi katika jedwali. Hakuna picha kati ya hizo iliyokuwa ya uongo mtupu. Kila moja ilikuwa kweli kwa kadiri ya mahali mtafiti alipoketi na lugha aliyouliza nayo. Tofauti kati ya Geber na Super haikuwa akili wala nia njema, bali ni kwamba mmoja alimpima mtoto na mwingine akamuuliza pia mama yake anamfanyia nini, kisha akayatilia maanani maneno aliyojibiwa.

Sera za watoto katika ukanda huu zitaendelea kutegemea takwimu, na takwimu hizo zitaendelea kuwa bora kadiri sampuli zinavyokua. Lakini ukubwa wa sampuli hauondoi tatizo lililokuwapo tangu Desturi za Wasuaheli, kwamba anayesema kwa niaba ya mtoto ni mtu mzima, na katika kusema huko huchagua maneno. Lililo ndani ya uwezo wa mtafiti ni kuyaweka maneno ya mtoto karibu na yake, ili msomaji ayaone yote mawili.